Maksai Namba Nne

Akitokea mtu kukuambia kwamba Gaudensia Qamara alikwenda kusomea uthamini wa mifugo kwa kutafuta cheti, mwambie hamjui Gaudensia. Mama huyu wa Endasak alikuwa akithamini ng'ombe miaka kumi na moja kabla hicho cheti hakijabuniwa, tena akiwa ameshika birika. Kila siku ya mnada wa Katesh alikaa nje ya uzio wa zizi kubwa akiuza chai na maandazi, na kila ng'ombe aliyepita mbele ya meza yake alipimwa. Wachuuzi wakishachoka kubishana wenyewe kwa wenyewe, walimjia kama kwa utani: "Mama Renatus, yule mwekundu ana kilo ngapi?" Naye, bila kuacha kumimina chai, alitaja. Walicheka, wakarudi ndani, wakanunua kwa namba yake.

Yeye mwenyewe ndani ya uzio hakuwahi kukanyaga. Hakukuwa na sheria ya kumzuia, ilikuwa desturi tu, na desturi ina macho mengi kuliko askari. Mwanamke wa huku anakama, anamsaidia ng'ombe kuzaa, anabandua kupe kwa vidole, anampeleka punda mashineni na gunia la mahindi mgongoni. Siku ya mnada zizi ni la wanaume, na yeye kazi yake ni kuwapa chai.

Baba yake, marehemu mzee Qamara wa Hirbadaw, alikuwa na mabinti watupu, kwa hiyo fimbo ya kuchungia ilimwangukia Gaudensia. Alimfundisha kumshika ng'ombe kabla ya kumsifia. Vidole kwanza katikati ya mbavu, kisha kiganja kwenye shina la mkia, kisha ile ngozi inayoning'inia mbele ya paja. "Jicho linadanganywa na kila mgeni," mzee alikuwa akisema. "Uulize mkono." Gaudensia aliuuliza mkono tangu ana miaka saba, na sasa alikuwa na hamsini na mbili.

Ndipo likaja tangazo. Kuanzia mwezi wa saba, hakuna mtu atakayeruhusiwa kukadiria uzito wala kupanga daraja la ng'ombe mnadani bila cheti. Mafunzo yangefanyika Katesh kwa wiki mbili, katika ukumbi wa parokia, na nafasi zilikuwa kumi. Gaudensia aliacha mboga jikoni, akapanda bodaboda mpaka ofisi ya mifugo, akaomba kalamu. Kijana wa mapokezi akamuuliza kwa adabu zote anamwandikia nani.

"Namwandikia huyu aliyeshika kalamu," akasema.

Nyumbani, mumewe Sulle hakugomba. Sulle hagombi hata na mbuzi aliyeingia shambani. Alikaa siku tatu akiwaza, siku ya nne akasema, "Nenda, Mama Renatus. Ila usiniaibishe mbele za watu."

"Nikuaibishe kwa lipi?" akajibu, naye akaahidi upesi upesi, kama mtu anavyomwahidi mtoto pipi.

Mwalimu wao aliitwa Mwita, afisa mifugo aliyehamishiwa huku kutoka Mara, mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye sauti ya kuhesabia ng'ombe hata akiwa anasoma majina ya watu. Siku ya kwanza alipofika kwenye jina la Gaudensia alisita, akamtazama, akasema, "Shikamoo mama." "Marahaba, mwalimu." Wanafunzi wenzake, wanaume tisa, walikohoa. Mkubwa wao alikuwa mzee Baltazar, dalali wa mnada kwa miaka thelathini, ambaye alidhani cheti kingeletwa nyumbani kwake kama mwaliko wa harusi. Alipoambiwa lazima asome kama wengine, alikuja na kiti chake mwenyewe.

"Mama Renatus," aliuliza siku hiyo ya kwanza, "birika umeliacha na nani?"

"Nimeliacha limejaa, mzee Baltazar. Ukiona kiu, unajua mahali lilipo."

Siku ya tatu walifika kwenye sura ya farasi. Kitabu kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya nchi nzima, na ndani yake farasi alipewa kurasa kumi na nne pamoja na picha. Ukumbi ulicheka. Farasi gani huku Hanang? Mwalimu Mwita naye alikuwa anafunua kurasa ili waruke, lakini Gaudensia akanyanyua mkono. "Usiruke, mwalimu. Hapo kwenye farasi soma punda. Kwato ni zile zile, meno ni yale yale. Sisi wanawake punda ndio gari letu, na hakuna anayejua kuwapima kwa sababu hakuna mwanaume anayekubali kuonekana anamshikashika punda." Mwalimu akasoma kurasa zote kumi na nne. Baltazar alilala.

Lakini kijana mmoja wa kwenye benchi la nyuma, Festo, ambaye baba yake ana punda sita, aliandika kila neno. Tangu siku hiyo akawa anakaa karibu na Gaudensia, na mchana wakala ubwabwa meza moja.

Sheria za mwalimu zilikuwa chache na hakuzibadilisha. Mthamini hampimi ng'ombe wa nyumbani kwake. Mthamini hapokei hata soda. Na ile aliyoipenda kuliko zote, ambayo aliitamka akigonga meza: "Mzani hauna ndugu!" Mtihani wa mwisho ungekuwa wa vitendo. Wangeletewa ng'ombe watano, kila mmoja na namba ya chokaa ubavuni. Utepe wa kupimia kifua usingetumika, kwa maana siku ya mnada hakuna nafasi ya kuzungusha utepe kwenye ng'ombe mia nne. Ni jicho na mkono tu, kisha unaandika kilo. Baada ya hapo mnyama anapanda mzani. Ukizidisha au ukipunguza zaidi ya kilo ishirini, umekosa, na ukikosa ng'ombe mmoja kati ya watano, cheti utakisubiri mwakani, au mwaka wowote bajeti itakapopatikana.

Kwa kuwa idara haina ng'ombe wake, mwalimu aliwaomba wanafunzi familia zao ziazime wa mtihani. Walijitokeza watu kumi na wawili, akachagua watano bila kusema ni wa nani. "Kesho hakuna ng'ombe wa mtu," akawaambia. "Kuna namba."

Gaudensia alipoingia zizini asubuhi ile, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na hatua yake ya kwanza ikazama kwenye samadi mpaka kifundoni, moyo ulimdunda kwa furaha. Namba moja akamaliza. Namba mbili, jike lenye mimba ya miezi mitano ambayo wenzake hawakuigundua, akamaliza. Namba tatu vile vile. Alipofika namba nne, alisimama.

Alikuwa ni maksai wao. Yule wa kahawia, mwenye pembe moja iliyoelekea chini, anayevuta plau Endasak kila msimu. Gaudensia akatazama kwenye uzio, na hakika Sulle alikuwepo, katikati ya wanaume wenzake, amevaa koti lake la Jumapili. Alikuwa anatabasamu.

Na maksai alikuwa amependeza, hilo usilikatae. Tumbo lilikuwa limejaa pande zote, mgongo umenyooka, ngozi imepanguswa hadi inang'aa. Gaudensia akampelekea mkono. Vidole vikazama katikati ya mbavu kama kawaida. Kiganja kwenye mkia kikakuta mfupa. Lakini ubavu wa kushoto ulikuwa umekaza kama ngoma, na kwenye pua ya mnyama palikuwa na vumbi jeupe ambalo hakuhitaji kuambiwa ni nini.

Magadi. Ile chumvi ya ziwa Balangida.

Hapa inabidi nikueleze, maana wewe unaweza kudhani Sulle ni tapeli, na Sulle si tapeli. Kwao, wakwe wanapokuja kuona ng'ombe, au mgeni wa heshima anapofikishwa zizini, ng'ombe hulambishwa magadi alfajiri, kisha hupelekwa mtoni. Atakunywa hadi aote tumbo. Anasimama mbele ya mgeni ameshiba, na mgeni anajua kuwa nyumba hii haina njaa. Hata mgeni anafahamu kuwa ng'ombe amelambishwa, kama unavyofahamu kuwa mtoto aliyepakwa mafuta ya kwenda kanisani hang'ai hivyo kila siku. Ni heshima tu. Sulle aliposikia ng'ombe wake atatazamwa na serikali, tena siku ya mtihani wa mke wake, alimpamba. Hakuwaza kwamba wakwe huwa hawaji na mzani.

Gaudensia aliijua picha yote katika dakika moja. Akiandika jicho lilichoona, ataandika mia tatu, mzani utakubali, cheti kitakuja, na Sulle atarudi nyumbani kifua mbele. Akiandika mkono ulichogusa, ataandika pungufu, na atafeli kwa ng'ombe wa nyumbani kwake. Akashika kalamu. Akaandika 272.

Saa sita mchana maksai alipandishwa mzani. Kilo mia tatu na nne.

Mwalimu Mwita alisoma matokeo kwa sauti, namba kwa namba. Kwa namba nne, wanaume tisa walikuwa kati ya mia mbili tisini na nane na mia tatu na kumi. Wote wamepata. "Gaudensia Qamara, mia mbili sabini na mbili." Akashusha karatasi. Alikuwa amempenda mwanafunzi huyu, na ilionekana. "Mama, umepungukiwa na kilo thelathini na mbili. Pole. Wengine wanne umewapata vizuri kuliko wote."

Baltazar akajinyoosha kwenye kiti chake. "Si kosa lake, mwalimu. Kutoka kwenye chai hadi kwenye nyama ni mbali."

Watu walicheka, na hata Sulle kwenye uzio akainamisha kichwa kama mtu anayesikitika kwa ajili ya mgonjwa. Gaudensia aliwasikia wote. Alikumbuka ahadi yake pia. Alikuwa na sekunde chache za kuwa mke mwema, na alizitumia kufunga kitenge vizuri kiunoni.

"Mwalimu, sijapungukiwa," akasema. "Mzani umepima maji."

Akamwonyesha maksai kwa kidole.

"Huyu maksai amelambishwa magadi, akanyweshwa. Mtazame puani. Mshike ubavu wa kushoto. Mtu ukinunua kilo mia tatu na nne hapa, utafika na mia mbili sabini na kitu, na kilo zilizobaki umezimwaga barabarani."

"Umejuaje?" mwalimu akauliza.

"Kwa mkono. Na kwa sababu ni wetu. Mwenye ng'ombe ni yule pale mwenye koti, Baba Renatus, mume wangu."

Ungedhani amemvua Sulle lile koti, na shati, mbele ya watu wote. Wanaume wa kwenye uzio waliguna, wakasogea, wakamwachia Sulle nafasi pande zote mbili. Baltazar akasimama. "Kikulacho ki nguoni mwako!" akapaza sauti. "Mwanamke gani anamshusha ng'ombe wa nyumbani kwake? Wenzako wanapandisha!"

"Ndiyo maana umekuja kusoma, mzee Baltazar," Gaudensia akamjibu. "Anayewapandisha wa kwao atawashusha wa jirani. Mimi nikianza leo kumpandisha huyu, kesho mjane akileta jike lake nitamfanyaje?"

Mwalimu aliagiza utepe. Akauzungusha kifuani mwa maksai, nyuma ya nundu, akausoma mara mbili. Ulisema mia mbili themanini. Akaukunja polepole. "Utepe hukisia," akasema, "na mzani hauna ndugu."

"Basi mrudishe kwenye mzani kesho asubuhi. Leo apewe nyasi, maji asipewe. Akifika kesho bado ana mia tatu, nitafeli huku nimenyamaza, na chai yenu nitawaletea mwenyewe."

Hapo ndipo wale tisa walipopiga hesabu. Maksai akishuka, wao wote wamekosa. Mmoja akasema muda wa mtihani umeisha, mwingine akasema mama anatuharibia, na wa tatu akaanza kumbembeleza kwa sauti ya chini: mama yangu, si utapata mwakani? Gaudensia hakuwatazama. Mwalimu alikubali. Maksai namba nne akafungiwa peke yake kwenye zizi dogo.

Sulle alitembea mbele yake njia nzima hadi barabarani. Walipofika nyumbani aliketi kwenye kigoda nje, jua likiwa bado juu ya mlima, na hakugusa ugali.

"Ungenyamaza, ungekufa?" akauliza mwishowe.

"Nisingekufa."

"Nilimpamba kwa ajili yako."

"Najua, Baba Renatus. Ulimpamba akanifelisha."

"Nilikuomba kitu kimoja tu. Kimoja!"

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Gaudensia akakaa chini karibu naye, lakini hakuomba msamaha, na mimi nisingekusimulia habari zake kama angeomba. "Uliniambia nisikuaibishe," akasema. "Mimi sikumpa magadi. Miaka kumi na moja nimesimama nje ya ule uzio nikitaja kilo za kweli, na wanaume wanazitumia kama zao. Leo nimeingia ndani. Nikiingia ndani nianze kutaja za uongo? Si bora ningebaki na birika."

Sulle akauliza, bila kumtazama, "Una hakika na ile namba uliyoandika?"

"Mia mbili sabini na mbili."

Sulle akavuta sahani ya ugali, akala uliokwisha kupoa.

Asubuhi Gaudensia alipoamka, Sulle hakuwepo. Alijua mwanaume aliyeaibishwa anaweza kufanya nini na ndoo mbili za maji. Alipata bodaboda, na njia nzima mpaka Katesh alikuwa anamwambia dereva aongeze mwendo, na dereva anamwambia, mama, mashimo.

Alimkuta zizini. Karai la kunyweshea lilikuwa limepinduliwa, na Sulle alikuwa amekaa juu yake, fimbo magotini, koti la Jumapili limelowa umande. Maksai alikuwa nyuma yake, tumbo limerudi mahali pake. Nje ya lango, mzee Baltazar alikuwa amesimama na ndoo.

"Nimemwonea huruma mnyama," Baltazar alikuwa anasema. "Amelala na kiu."

"Shikamoo mzee," Sulle akasema.

"Marahaba."

"Rudi na ndoo yako, mzee."

Sauti ilikuwa ile ile ya upole, isiyomfukuza hata mbuzi. Baltazar aliitazama fimbo, akarudi na ndoo yake. Sulle alimwona mkewe, akakung'uta umande kwenye koti. Gaudensia alitaka kulia, akaona huu si wakati wake.

Maksai alipanda mzani saa mbili kamili, watu wamejaa kuliko siku ya mnada. Mwalimu Mwita aliinama, akasoma, akainuka.

"Mia mbili sabini na tano."

Festo alikuwa wa kwanza kupiga makofi, ingawa naye alikuwa amefeli. Mwalimu akakuna kidevu. Alikuwa na wanafunzi kumi, na tisa wameanguka kwa mkupuo, na huko wilayani wangemuuliza alikuwa anafundisha nini. "Nafikiri," akasema, "kwa haki ya wote, tufute namba nne. Tuhesabu wale wanne. Hapo kila mtu anapata, na mama anapata."

Wanaume wakaitikia kwa furaha. Ilikuwa amani ya haraka, na kila mtu alikuwa amejaa tabasamu isipokuwa mmoja.

"Usinifutie," Gaudensia akasema.

"Mama, si unapata vile vile?"

"Mwalimu, ulitufundisha mzani hauna ndugu. Jana uliposema nimefeli, hukufuta. Leo wamefeli wao, unafuta? Niandikie nimepata namba nne, kwa sababu nimeipata. Wao watafutie ng'ombe mwingine wajaribu tena, mimi nitawafundisha kushika ubavu bila malipo. Lakini hiyo yangu usiiguse."

Mwalimu Mwita akatoa kalamu ya kijani mfukoni, akaandika mbele ya macho yake. Wale tisa walirudia mtihani Ijumaa, kwa ng'ombe watano wapya, na kabla ya hapo walikaa siku mbili zizini na Gaudensia, vidole mbavuni, kama watoto wa chekechea. Saba walipata, Festo akiwemo. Hata Baltazar alikuwa mmoja wao, na cheti chake alikitia fremu.

Mwezi wa saba ukaja. Gaudensia sasa hukaa ndani ya uzio, ana kitambulisho shingoni na buti za mpira miguuni, na chai anauziwa na mtu mwingine. Mnada wa pili wa mwezi ule, kwenye foleni ya mzani, alitokea Sulle akimwongoza maksai wa kahawia mwenye pembe moja iliyoelekea chini. Mnyama alikuwa amezeeka kwa plau na sasa anauzwa. Gaudensia alipomwona, aliweka kalamu chini, akasogea pembeni. "Festo, njoo. Wa nyumbani simpimi."

Festo akaja. Wanaume wakasogea kutazama, kwa kuwa habari ya namba nne ilikuwa haijaisha midomoni. Maksai alikuwa vile alivyo, mbavu zinahesabika, tumbo limeshikana na mgongo.

"Sulle!" Baltazar akaita kutoka juu ya uzio, kwa sauti ya kusikiwa na zizi zima. "Mbona leo umemleta amekauka hivyo?"

Sulle hakugeuka. Alimpigapiga maksai shingoni, akampandisha kwenye mzani.

"Leo nimeleta ng'ombe, mzee," akasema. "Maji nimeyaacha mtoni."